Jinnah na Maneno Asiyoyasema

Kila inapotajwa Pakistan katika baraza zetu za jioni, hazipiti dakika nyingi kabla ya mtu kudai kwamba Jinnah alisema hivi, na mwenzake kumjibu kwamba la, alisema vile. Mmoja hushika kwamba marehemu alitaka dola ya sharia. Wa pili hushika kwamba alitaka dini ibaki msikitini na serikali iende njia yake. Mimi nimechoshwa na maneno anayotiwa kinywani mtu aliyekwisha kufa. Kwa hivyo leo nitawasimulia wasomaji maisha yake bila ya kumnukuu. Nitatazama aliyoyatenda, na penye hotuba iliyothibitika nitataja maana yake tu.

Mohamed Ali Jinnah alizaliwa Karachi. Tarehe rasmi ni 25 Desemba 1876, lakini daftari la skuli laonyesha Oktoba 1875, basi ubishi ulianza tangu siku ya kuzaliwa. Baba yake, Jinnahbhai Poonja, alikuwa mfanyabiashara wa Kikhoja mwenye kusema Kigujarati, wa jamii ile ile ambayo wengi wao walivuka bahari wakafungua maduka Unguja, Lamu na Mombasa. Nyumbani kwao walikuwa Ismailia. Yeye baadaye alikuwa Ithnaasheri. Akiwa bado kijana alipelekwa London kujifunza biashara, lakini aliiacha akasoma sheria katika chuo cha Lincoln's Inn. Huku nyuma mke aliyeozwa kabla ya safari alifariki, na mama yake pia.

Mwenyewe alikuja kueleza kwamba alikichagua chuo hicho kwa sababu jina la Mtume (S.A.W.) liliandikwa mlangoni pamoja na ya watoa sheria wakubwa wa dunia. Waliokwenda kutazama hawakuyaona maandishi hayo. Kilichoko ni picha kubwa ya ukutani, ndani ya ukumbi, iliyochorwa na G. F. Watts kuonyesha watoa sheria. Basi hata kauli ya mtu mwenyewe yafaa ipimwe.

Mwaka 1896 alipata uwakili, akaenda Bombay. Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani, nalo ni wakfu. Mwaka 1894 mahakama ya juu kabisa ya Dola ya Kiingereza, huko London, ilikata kwamba mtu akiweka wakfu kwa watoto na wajukuu wake, na maskini wakaachiwa fungu la mbali tu, kizazi kikishamalizika, basi wakfu huo ni batili. Waislamu walistaajabu, kwani fikihi yaruhusu, na kumlisha mtu wako ni sadaka. Jinnah alipeleka mswada katika Baraza la Mtawala Mkuu wa Bara Hindi. Haukuwa mswada wa serikali, ulikuwa wake yeye mjumbe, na mwaka 1913 ukawa sheria. Wakfu wa jamaa ukahuika.

Lakini sheria ile haikuvuka bahari. Hukumu ya 1894 ilitufuata huku, na mwanzo wa miaka ya 1950 mahakama ile ile ya London iliitumia katika kesi iliyotoka Kenya, wakfu ukaanguka. Sheria yetu ya Makamishna wa Wakfu ya 1951 ndiyo iliyokuja kuuhalalisha wakfu wa jamaa. Wenye nyumba za wakfu wanaielewa habari hii kuliko mimi.

Siasa zake zajulikana, sitazirefusha. Aliingia Congress, kisha mwaka 1913 akaingia Muslim League bila ya kuiacha Congress. Mwaka 1916 alisaidia kuwapatanisha Wahindu na Waislamu kwa mapatano ya Lucknow. Mwaka 1918 alimuoa Ratanbai Petit, binti wa tajiri wa Kiparsi, baada ya bibi huyo kusilimu. Mwaka 1920 aliachana na Congress kwa kutopendezwa na njia za Gandhi. Azimio la Lahore lilipita Machi 1940, na Pakistan ikazaliwa Agosti 1947.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Tarehe 11 Agosti 1947 aliwaambia wajumbe wa Bunge la Katiba kwamba kila raia yu huru kwenda mahali pake pa ibada, na kwamba dini ya mtu haiingiliani na kazi ya serikali. Januari 1948, mbele ya mawakili wa Karachi, aliwalaumu wanaoeneza kwamba katiba haitafuata misingi ya sharia. Hotuba zote mbili ni za kweli. Mwenye kuishika moja na kuificha ya pili hamtendei haki.

Na wako wasiotosheka na za kweli. Jaji Muhammad Munir, katika ripoti ya 1954 juu ya fujo za Punjab, alimhusisha Jinnah na sentensi moja juu ya dola ya kisasa isiyobagua dini, akisema ilitoka katika mahojiano na Doon Campbell wa Reuters. Sentensi hiyo ilirudiwa vitabuni kwa miaka hamsini. Saleena Karim, mwandishi wa Uingereza, aliitilia shaka kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kibovu mno kwa wakili kama yule. Alipoyapata mahojiano yenyewe, aliona ni ya Mei 1947, na sentensi haimo. Alilitangaza hilo mwaka 2005. Upande wa pili nao haukulala: mwaka 1983 Jenerali Zia-ul-Haq alitangaza kwamba imepatikana shajara ya Jinnah inayounga mkono utawala wa namna aliyoutaka yeye Jenerali. Waliomjua marehemu kwa karibu walikana kwamba shajara kama hiyo ilikuwako.

Katiba hakuiwahi. Kifua kikuu kilikwisha kumla. Tarehe 11 Septemba 1948 alirejeshwa Karachi kwa ndege, na gari la wagonjwa likazimika njiani likitoka uwanjani. Alingoja kwenye joto zaidi ya saa nzima, na usiku ule akafariki. Aliswaliwa mara mbili: kwanza nyumbani, kwa utaratibu wa Kishia, kisha hadharani mbele ya umati, imamu akiwa Maulana Shabbir Ahmad Usmani, mwanachuoni wa Kisunni.