Kapteni Brownrigg wa Manowari London

Tuingiapo Kanisa Kuu la Kristo, Unguja, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, twaona dirisha la vioo vya rangi la kuwakumbuka mabaharia Waingereza waliokufa wakizuia biashara hiyo baharini. Mmoja wa mabaharia hao alikuwa Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa manowari London iliyotia nanga Unguja. Kazi yake ilikuwa kuyawinda majahazi ya watumwa.

Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, alikuta jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Waingereza hawakuruhusiwa kupekua vyombo vya bendera hiyo. Basi alilikaribia kwa mashua ya moshi ili atazame hati tu, na silaha za watu wake hazikuwa tayari. Ghafula wenye jahazi walifyatua bunduki. Kapteni alipigana mpaka akafa kwa majeraha mengi, na baadhi ya watu wake wakafa naye. Ndani ya jahazi mlikuwa na watumwa wapatao mia.

Majina ya watumwa hao hatuyaoni katika dirisha lo lote. Basi tumkumbukapo Kapteni huyu, tusiwasahau na wao, kwani Bwana awajua wote kwa majina.