Albert Cook na Mafunzo ya Matabibu Mengo

Wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za milimani Uluguru, pande za Mgeta na Matombo, huuliza kwa nini walikaa darasani muda mrefu kabla ya kuwaona watoto. Vyuo vya udaktari navyo vimesumbuliwa na swali hilohilo, na maisha ya Albert Cook yanatusaidia kulitazama.

Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma kwanza sayansi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ndipo akaingia hospitali ya St Bartholomew's, akahitimu udaktari mwaka 1895. Utaratibu wa Uingereza ulikuwa huo: elimu ya mwili itangulie, wagonjwa wafuate. Mwaka 1896 akajiunga na wamisionari wa CMS, na msafara wao ukatembea kutoka pwani hadi Buganda. Mwaka 1897 Hospitali ya Mengo ikaanza. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mkewe mwaka 1900. Radi iliiteketeza hospitali mwaka 1902, ikajengwa upya.

Madaktari wachache hawakuweza kuihudumia nchi nzima. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Cook alianzisha shule ya matabibu wasaidizi, na baada ya vita Katharine akaanzisha ya wakunga. Hapo njia ya Cambridge haikufaa, kwa kuwa hapakuwa na chuo kikuu cha kutangulia. Nadharia na wodi zikabidi ziende pamoja, na kitabu cha ukunga kikaandikwa kwa Kiganda. Hatusemi kila kitu kilikuwa chema. Shule ile ilitoa wasaidizi, na udaktari wenyewe ulibaki mikononi mwa Wazungu. Mafunzo ya udaktari yaliendelezwa Makerere, wanafunzi wakifanya kazi wodini Mulago, na huko ndiko walikokwenda vijana wa Tanganyika kabla ya shule ya udaktari kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Leo mwanafunzi wa Muhimbili husoma miaka mitano, kisha hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya usimamizi.

Lakini linalotuvutia zaidi kwa Cook ni daftari. Tangu mwaka 1897 habari za wagonjwa waliolazwa Mengo ziliandikwa: mgonjwa analalamikia nini, amekutwa na nini, ametibiwaje, na mwisho wake ukawa upi, hata ulipokuwa kifo. Sisi katika andalio la somo tunayo nafasi ya tathmini, na mara nyingi mno tunakuta imeandikwa kwamba somo limeeleweka, basi. Nani hakuelewa, na alikwama wapi? Tabibu akiandika vivyo hivyo juu ya mgonjwa, mwenzake wa zamu ya usiku atafanya nini?

Cook alistaafu mwaka 1934, akafariki Kampala mwaka 1951. Madaftari yalibaki. Daktari Burkitt alipoeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowapata watoto, wengi waliuona ugonjwa mpya. Watafiti wakarudi kwenye kumbukumbu za Mengo, wakawakuta watoto wa namna hiyo wameandikwa humo tangu miaka ya mwanzo.