Edoardo Weber: jina limo kwenye kabureta, kaburi halijulikani

Makanika aliyeshika spana katika miaka ya sabini analijua jina Weber. Limepigwa chapa ubavuni mwa kabureta za Fiat nyingi, za baadhi ya Ford Escort, na za motokaa kadha wa kadha za mashindano. Lakini muulize Weber alikuwa nani, naye huenda akakujibu kwamba hilo ni jina la kampuni tu. La hasha! Weber alikuwa mtu, na kisa chake kinasikitisha.

Edoardo Weber alizaliwa mwaka wa 1889 katika mji wa Turin, kaskazini mwa Italia, baba yake akiwa Mswisi. Mji huo ndio nyumbani kwa Fiat, na kijana huyo aliajiriwa na kampuni hiyo, kisha akahamia Bologna, mji ambao hakuuacha tena.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza petroli ilikuwa ghali mno nchini Italia. Weber akaanza kuuza vifaa vya kuyawezesha malori kutumia mafuta ya taa. Wenye malori walifurahi, naye akapata mtaji. Mwaka wa 1923 alifungua kiwanda chake cha kabureta, akatengeneza vifaa vya kuziongezea nguvu motokaa za Fiat zilizokwisha kuuzwa. Maana yake ni kwamba kazi ile ile wanayoifanya vijana wetu wenye magari makuukuu, ya kung'oa kabureta ya kiwandani na kufunga iliyo bora, ndiyo iliyomtoa Weber.

Huenda msomaji asiye fundi akauliza kabureta ina siri gani. Hewa inapopita mahali pembamba kooni mwake huongeza kasi, ikafyonza petroli kupitia kitundu cha shaba kiitwacho jeti. Petroli ya gramu moja huhitaji hewa ya gramu kama 15 hivi. Ikizidi, injini hutoa moshi mweusi. Ikipungua, injini hukosa nguvu na kupata joto. Namba iliyo juu ya jeti ya Weber ni upana wa tundu lake: 120 ni milimita 1.20. Ndiyo sababu fundi anayetanua jeti kwa sindano huiharibu kabisa, kwani namba hubaki ile ile na tundu si lile.

Shida ya koo moja ni kwamba likiwa jembamba gari hukosa pumzi barabarani, na likiwa pana hubwia petroli mjini. Weber alikuwa miongoni mwa waliotangulia kutumia makoo mawili, dogo la mwendo wa polepole na kubwa linalofunguka dereva anapokanyaga zaidi. Katika miaka ya thelathini akatengeneza yenye makoo mawili yaliyo sawa, na Maserati na Alfa Romeo wakayafunga kwenye magari yao ya mashindano.

Ndipo vikaja vita vya pili. Bologna ilikombolewa tarehe 21 Aprili, 1945, zikafuata siku za visasi. Watu wengi walioshukiwa kuwa upande wa Mussolini walichukuliwa wakauawa pasipo kufikishwa mahakamani, na wenye viwanda walikuwamo. Mwezi wa Mei mwaka huo Weber alitoweka, akiwa na umri wa miaka 55. Mwili wake haukupatikana kamwe.

Hakuiona basi Ferrari ya kwanza, 125 S ya mwaka 1947, iliyofungwa kabureta zake tatu. Hakuona Fiat ikitwaa kiwanda chake mwaka 1952, wala ile Fiat 500 ya mwaka 1957, kigari kidogo kama kobe, chenye kabureta ya Weber ya koo la milimita 26. Wenye vigari hivyo hupenda kuiondoa na kufunga ya milimita 28 kutoka Fiat 126. Ni sawa, mradi jeti zipimwe upya.

Hapa kwetu kipimo hicho kina uzito wake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Jeti iliyofaa Pwani hutia plagi masizi huku juu, na fundi mwangalifu huweka iliyo ndogo kwa namba moja au mbili. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola alishinda Safari Rally akiendesha Ford Escort RS1600, aina ya gari ambayo injini yake hulishwa na kabureta mbili za Weber, katika njia zilizopanda na kushuka baina ya Pwani na milima.

Kisha vikaja vipuliza mafuta vinavyoongozwa kwa umeme. Mwaka wa 1992 Bologna iliacha kuunda kabureta za Weber, na kazi hiyo ikahamishiwa Uhispania.