Thomas Hunt Morgan na Inzi wa Macho Meupe



Wale inzi wadogo sana wanaozunguka ndizi zilizoiva, sisi tunawafukuza tu kwa mkono. Morgan yeye aliwalisha ndizi, akawatunza kwa maelfu ndani ya chupa za maziwa.

Alizaliwa mwaka 1866 kule Lexington, Marekani. Toka 1904 alikuwa profesa kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, mu mji wa New York. Lakini tujue jambo moja: alikuwa mtu wa mashaka. Wengine walifundisha kwamba urithi wa mtoto unachukuliwa na kromozomu, zile nyuzi ndogo ndani ya chembe za mwili. Morgan hakukubali. Alitaka kuona kwanza.

Mwaka 1910 akaona dume mmoja mwenye macho meupe. Wengine wote macho yao ni mekundu. Akamzalisha na majike wa macho mekundu. Watoto wakatoka wekundu, karibu wote. Akazalisha wale watoto wao kwa wao, akahesabu wajukuu: 3470 wa macho mekundu, 782 wa macho meupe. Sasa angalieni vizuri: wale 782 wote walikuwa madume!

Njo hapa mashaka yalianza kuvunjika. Jike ana kromozomu X mbili. Dume ana moja tu, aliyopewa na mama. Alama ya weupe ikikaa kwenye X moja ya jike, ile ingine inaifunika. Kwa dume hakuna ya kuifunika. Basi wale aliowapinga walisema kweli, na Morgan akageuka, akafundisha vile mbele ya watu wote. Profesa mzima!

Mwaka 1911 mwanafunzi wake Sturtevant, kijana wa miaka 19 hivi (sisi wa darasa la sita tujiangalie), aliacha masomo mengine usiku mmoja, akapanga alama za X kwa mstari, kila moja na umbali wake. Kazi ile ilitoka 1913 kwa jina la kijana peke yake.

Morgan alipata zawadi ya Nobel 1933, na pesa akazigawa pia kwa watoto wa Sturtevant na wa Bridges, msaidizi wake mwingine. Alikufa 1945.

Kisha wataalamu wengine waliingia ndani zaidi mu jicho lile lile: mwanga ukigusa protini rodopsini, nayo inaamsha protini G, na habari inapita mpaka milango midogo ya chembe inafunguka.

Chupa zetu tatu ziko dirishani mwa chumba cha biolojia. Wandugu wa bweni, tunawaomba, msile zile ndizi.