Mama Marie Curie na mwili ambao haukuzoea

Kule kwenye makarieri, kila mara tukizungumza juu ya urani inayojificha ndani ya mawe ya shaba na kobalti, hakosi mtu wa kujibu kwamba mwili unazoea. Wazee walichimba, atasema, na bado walizeeka. Na kama amesoma kidogo, ataongeza jina la Mama Marie Curie: yule mama alishika radiumu kwa mikono yake zaidi ya miaka 30 na akafikisha miaka 66. Sisi wa sendika tumeona heri tuandike maisha ya mama huyo, juu wengi wanamtaja bila kumjua.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, jina lake Maria Skłodowska. Wakati ule Warsaw ilitawaliwa na Warusi, na univasite yake haikupokea wanawake. Baba alikuwa mwalimu. Mama alikufa kwa kifua kikuu Maria akiwa na miaka 10. Yeye na dada yake mkubwa Bronia wakapatana: Maria afanye kazi ya kufundisha watoto ndani ya nyumba za matajiri na kutuma pesa, Bronia asome udaktari Paris, kisha Bronia naye amvute mdogo wake. Mapatano ya namna hiyo jamaa zetu wanayajua. Mwaka 1891 Maria akafika Paris, na mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwalimu wa fizikia.

Kazi iliyomletea jina ilianzia kwenye jiwe. Lilikuwa jiwe zito, jeusi, lenye urani, lililochimbwa Joachimsthal, zamani nchi ya Austria na leo Ucheki. Mama Marie alipolipima aliona linatoa mionzi mingi kupita urani yenyewe. Basi kulikuwa na kitu kingine ndani. Mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza vitu viwili vipya: poloniumu mwezi wa 7, radiumu mwezi wa 12.

Kutangaza ni rahisi, kukitoa ndani ya jiwe njo kazi. Wakaletewa kwa magunia mabaki yaliyotupwa na kiwanda baada ya kutoa urani. Katika banda linalovuja, mama yule alichemsha mpaka kilo 20 kwa mara moja, akikoroga kwa chuma chenye urefu karibu sawa na wake. Aliyewahi kuosha minere mtoni kuanzia asubuhi mpaka jioni atamwelewa. Mwaka 1902, kutoka tani nzima za mabaki, alipata sehemu moja ya kumi ya gramu. Usiku yeye na Pierre walirudi bandani kutazama tu vile vichupa vinavyong'aa gizani.

Wachimbaji wa jiwe lile hawakuulizwa hali yao. Ngambo ya pili ya milima ile, Schneeberg huko Ujerumani, watu wa migodi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua tangu zamani, na mwaka 1879 waganga wawili walionyesha kwamba ni kansa ya mapafu. Baadaye ilieleweka kwamba kisa ni radoni, hewa isiyo na harufu wala rangi inayotoka kwenye radiumu iliyomo ndani ya jiwe.

Alama za hatari zilikuja mapema. Pierre alifunga radiumu kwenye mkono wake makusudi ili aone itafanya nini, akapata kidonda kilichokawia kupona. Waganga walifurahi: kitu kinachoua nyama ya mwili kinaweza pia kuua kansa. Ncha za vidole vya Mama Marie zilikakamaa na kupasuka. Mwaka 1903 wakapewa tuzo ya Nobel pamoja na Henri Becquerel, na yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Mwaka 1906 Pierre alikanyagwa na gari la farasi, akafa. Mjane akapewa kufundisha mahali pa mumewe, na mwaka 1911 akapata Nobel ya pili, peke yake.

Vita ya 1914 ilipofika, alipanga magari yenye mashini za kupiga radio, akayapeleka karibu na mapigano ili waganga waone risasi zimekaa wapi ndani ya askari. Alienda mwenyewe, pamoja na binti yake Irène aliyekuwa na miaka 17. Askari zaidi ya milioni moja walipimwa kwa mashini zile na nyingine alizoweka kwenye mahospitali. Kinga ilikuwa kidogo sana, na dozi waliyopata mama na mtoto haikuandikwa popote.

Kuanzia 1922 radiumu nyingi ya dunia ilitoka kwetu: jiwe la Shinkolobwe, karibu na Likasi, lilisafirishwa mpaka kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na bei ikaanguka. Jina la mama yule lilienea pamoja na radiumu. Majina ya waliochimba hayakubandikwa kwenye chupa.

Mwaka 1925 wahandisi wawili waliowahi kufanya kazi kwake walikufa. Kule Marekani wasichana waliopaka radiumu kwenye saa, wakilamba burashi ili ichongoke, walioza mifupa ya taya. Mama Marie akaamuru damu ya wafanyakazi wake ipimwe mara kwa mara na watumie ngao za risasi. Yeye mwenyewe hakuzifuata sana amri hizo, na macho yake yalikuwa yamefunga ukungu mpaka akapasuliwa mara kadhaa. Hapa hatumsifu. Mkubwa wa kazi asiyevaa kinga anafundisha vijana wasivae.

Sasa tujibu ile habari ya kuzoea, juu ina punje ya ukweli. Mwaka 1984, miaka 50 baada ya kifo chake, watafiti Olivieri, Bodycote na Wolff walichukua seli nyeupe za damu ya watu, wakazipa mionzi kidogo, kisha mionzi mingi. Kromozomu zilizovunjika zilikuwa chache kuliko katika seli zilizopigwa na mionzi mingi bila kutangulizwa na ile kidogo. Kumbe pigo dogo linaamsha mafundi walio ndani ya seli, wale wanaounga nyuzi za ADN zikikatika.

Lakini hiyo si sawa na sugu ya kiganja, inayobaki. Mafundi wale wanachukua saa kadhaa kuamka, na baada ya siku chache nguvu inapungua. Damu ya watu wengine haikuonyesha kitu. Na uzi ulioungwa vibaya unaweza kubaki ndani ya seli iliyo hai, ukatokea kuwa kansa miaka mingi baadaye. Tena dozi ya watafiti ilipimwa. Radiumu ikiingia mwilini inakaa ndani ya mfupa sawa na chokaa, na vumbi la radoni linakaa ndani ya pafu, linapiga usiku na mchana. Kwa wachimbaji wa urani wa nchi mbalimbali imeonekana wazi: radoni inavyozidi kujumlika, kansa ya mapafu inaongezeka. Njo maana kanuni za kimataifa zinamwekea mfanyakazi kipimo cha milisiverti 20 kwa mwaka, wastani wa miaka mitano, na raia wa kawaida 1. Kapita anayesema mwili unazoea aulizwe kwanza kipimo kiko wapi.

Mama Marie alikufa tarehe 4 Julai 1934 huko Sancellemoz, kwenye milima ya Ufaransa. Uboho, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, ulikuwa umeacha kazi. Mwaka 1995, mwili wake ulipohamishwa kwenda Panthéon, wataalamu walipima jeneza. Radiumu waliyoikuta haikuwa nyingi vile walivyotazamia, wakafikiri kwamba pengine mionzi ya X ya wakati wa vita ilimwumiza zaidi. Daftari zake za kazi ziko Paris ndani ya masanduku ya risasi, na bado zinatoa mionzi.

Irène, yule binti wa magari ya vita, alifuata kazi ya mama yake, akapata Nobel yake mwaka 1935. Alikufa mwaka 1956 kwa kansa ya damu, akiwa na miaka 58.