Joginder Singh na Siri ya Kuhama Kambi

Mapema mwaka 2024, ilipotangazwa kwamba dereva Mwingereza Lewis Hamilton angeiacha kambi ya Mercedes na kujiunga na mahasimu wao Ferrari msimu wa 2025, niliwakuta vijana watatu wa mtaani kwetu Jericho wakibishana vikali mbele ya duka. Mmoja alishikilia kwamba nyota huyo alikuwa amejichimbia kaburi. Wa pili aliapa kwamba angetwaa ubingwa. Wa tatu alipima nguvu za injini hii na ile kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeziunda. Nilisimama nikawasikiliza kwa muda mrefu, na jambo moja likanishangaza. Walikuwa wakizungumza juu ya magari tu; juu ya mtu na kile alichokibeba mikononi mwake, hakuna aliyetia neno.

Sikuwalaumu. Miaka hamsini kabla ya siku ile, mimi mwenyewe nilisimama katika vumbi la mtaa huo huo nikibishana vivyo hivyo. Dereva wetu siku hizo alikuwa Joginder Singh, na ni maisha yake ninayotaka kuyasimulia leo, kwa faida ya walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Msomaji aliyezaliwa juzi huenda asijue Pasaka ilikuwa na maana gani kwa mtoto wa Eastlands miaka ile. Mbali na kanisa na nguo mpya kwa waliojaliwa, Pasaka ilikuwa Safari Rally. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na matope. Watoto wa Jericho, Makongeni, Kaloleni na Bahati tulikuwa na rali yetu. Tuliunda magari ya waya, magurudumu tukayakata kutoka kwenye kandambili kuukuu, tukayaendesha kwa usukani mrefu wa waya kandokando ya mitaro. Kila mmoja alijichagulia dereva wake. Jioni tulijibanza penye redio tukisubiri Sauti ya Kenya itangaze nani anaongoza na nani amekwama. Na jina lililotajwa mara nyingi kuliko yote lilikuwa la Joginder.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa fundi aliyetoka Punjab na kufungua gereji katika mji huo wa majani ya chai. Hapo ndipo penye mzizi wa habari yote. Kabla hajajulikana kwa mbio, Joginder alijulikana kwa spana. Alikulia chini ya magari na mikono yenye grisi, akijifunza kuisikiliza mashine jinsi daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia madereva walioharibikiwa. Kazi hiyo wengi wangeiona duni. Lakini tazama ilivyomfundisha: alijua kila aina ya gari inavunjika wapi, kwa sababu gani, na baada ya mateso kiasi gani. Hiyo ndiyo shule aliyosoma.

Aliingia Safari mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na miaka 27. Hakushinda. Alirudi mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine. Ushindi ulikuja Pasaka ya 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo aina ya PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya 1964, na kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kukunja jamvi. Wana wa fundi wa Kericho walilichukua, wakalitengeneza, wakawapita watu waliokuja na magari mapya yanayong'aa. Joginder akawa dereva wa kwanza wa asili ya Kiasia kushinda mashindano hayo. Kenya ilikuwa na miezi 16 tu tangu ipate uhuru, na watu walikuwa bado wanaulizana nani hasa ni Mkenya. Wengi walilipata jibu barabarani, walipomwona Kalasinga na kilemba chake akipita huku Mwafrika, Mhindi na Mzungu wakimshangilia kwa sauti moja. Walimpa majina mengi. Waingereza walimwita Kalasinga Arukaye, nasi tukamwita Simba.

Baada ya hapo ilifuata miaka ambayo wasimuliaji wengi huiruka. Joginder hakushinda Safari nyingine kwa muda wa miaka tisa. Mwaka 1969 alimaliza wa pili, tena katika Volvo. Mwaka 1970 aliendesha Datsun, kambi ya Kijapani iliyokuwa ikipanda kama jua la asubuhi, akawa wa pili tena nyuma ya mwenzake Edgar Herrmann. Datsun walishinda mwaka huo, wakashinda 1971, wakashinda tena 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema kwamba njia ya ushindi Afrika Mashariki ilipitia Datsun.

Ndipo Pasaka ya 1974 Joginder akatokea na Mitsubishi.

Naikumbuka fadhaa iliyotushika. Gari lenyewe lilikuwa Lancer, dogo, lenye injini ya 1600. Upande wa pili walikuwapo Porsche na dereva wao Msweden Björn Waldegård, Lancia na Mwitaliano Sandro Munari, na Datsun wenyewe, mabingwa watetezi. Tena Joginder alikuwa na umri wa miaka 42. Miaka miwili kabla, mwaka 1972, Mfini Hannu Mikkola alikuwa amevunja mwiko kwa kuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, na ilionekana kwamba zama za madereva wetu zilikuwa zinazama. Wakubwa wa mtaani walikata shauri kwamba mzee amepotea njia. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na gari langu la waya nililiita Datsun. Sikutaka kufa na mtu aliyekwisha.

Mvua ikanyesha. Ilinyesha mvua ya kweli, barabara zikageuka mito, na tope likawameza wenye nguvu. Hapo ndipo fundi wa Kericho alipoonekana. Hakuwa na gari la kuwashinda wenzake kwa mbio, na alilijua hilo. Alikuwa na elimu ya miaka 15: wapi pa kukanyaga mafuta na wapi pa kupunguza, mto gani wa kuvuka na upi wa kusubiri, sauti gani ya injini ni ya kawaida na ipi ni kilio. Aliyekuwa kando yake, David Doig, alisoma njia. Yeye alisoma gari. Walipofika mwisho, Lancer ndogo ilikuwa ya kwanza, Porsche ya Waldegård ya pili, Lancia ya Munari ya tatu. Miaka miwili baadaye, 1976, wawili hao walishinda tena, na safari hii Mitsubishi wakatwaa nafasi zote tatu za kwanza. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu, rekodi iliyokuja kupitwa na Mehta aliyefikisha mara tano.

Lakini hesabu ninayoipenda zaidi si hiyo ya tatu. Kati ya mwaka 1959 na 1980 Joginder alishiriki Safari 22, akamaliza 19. Katika mashindano ambayo miaka mingine magari saba tu yalifika mwisho, mtu huyu alifika karibu kila mara, kwa gari la kambi hii au ile. Kambi zilibadilika; ufundi ulibaki.

Sasa niungame. Nilipokuwa mwalimu wa Fizikia katika shule moja ya Eastlands, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kichwa chepesi na mikono mizuri zaidi. Redio iliyokufa aliifufua. Shule nyingine, mpinzani wetu mkubwa katika mitihani, ilimpa nafasi na karo nafuu. Katika chumba cha walimu tulilipokea jambo hilo kama usaliti. Barua yake ya kuhama ilihitaji saini yangu, nami niliikalia majuma matatu. Nilijiambia kwamba namlinda asije akapotea ugenini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalinda wastani wa alama za shule na sifa zangu mwenyewe. Mama yake alikuja mara tatu kwa miguu kutoka Makongeni. Mara ya tatu nilitia saini bila kumtazama usoni, na kijana akaondoka bila mimi kumuaga. Alifika huko muhula umeshika kasi, akahangaika kuyafidia majuma niliyomwibia.

Mwaka ule ule mzazi mwingine alimhamisha mwanawe kwa gharama kubwa, akiamini kwamba jina la shule mpya lingemfanyia mtihani. Huyo hakuwa na mazoea ya kusoma hapa, na hakuyakuta kule. Yule wa redio alifaulu kama ambavyo angefaulu kwetu. Huyu alianguka kama ambavyo angeanguka kwetu.

Nilipofikiri juu ya vijana hao wawili ndipo nilipomwelewa Joginder, miaka mingi baada ya kulitupa lile gari langu la waya. Tunapouliza kama nyota atang'aa katika kambi mpya, tunaanza swali mwisho. Kwanza tuulize anahama na nini. Aliyejaza mkoba wake gerejini, usiku, kwa miaka, atautoa popote atakapofika, hata kama gari ni dogo na wakubwa wa mtaa wamemzika tayari. Aliyekuwa akibebwa na injini ya wenyewe hana cha kutoa itakapobadilishwa. Wala sisemi kwamba kambi si kitu. Joginder mwenyewe hakushinda tena baada ya 1976, na hakuna fundi anayeshinda bila chombo. Nasema tu kwamba chombo kizuri hakimgeuzi asiyejua kuwa anayejua.

Joginder Singh alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Safari iliyokuwa imeondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 ilirudi mwaka 2021, na watoto wa Eastlands wakapata tena majina mapya ya kubishania. Natamani walimu wao wawaonyeshe pia lile jina la zamani, hasa mtoto anayependa spana kuliko kitabu na kuambiwa kila siku kwamba amepotea.

Na kwako mwalimu mwenzangu uliye na barua ya kuhama ya mwanafunzi mezani, tia saini leo. Kisha mtazame mama yake usoni, umuage mtoto vizuri. Kama ulimpa kitu, amekibeba.