Edison: Fundi aliyetangaza kabla ya kumaliza

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu siku hiyo, kila mtu anayetaka kuniuzia kitu, iwe kozi ya mtandaoni au saa ya mkononi inayojidai kupima usingizi, huanza na jina moja: Thomas Edison. Eti hata yeye aliacha shule, na tazama alipofika. Nikaamua kumsoma jamaa huyu mwenyewe. Manze, kumbe nilikuwa nikiuziwa nusu ya hadithi.

Edison alizaliwa Februari 11, 1847, katika mji wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Ni kweli darasani alikaa miezi michache tu. Wanachoruka ni kwamba mamake, Nancy, alikuwa amewahi kuwa mwalimu, na alimfundisha nyumbani. Kijana alisoma vitabu vya sayansi kama mtu mwenye njaa. Akiwa na umri wa miaka 12 tayari alikuwa anachuuza magazeti na peremende kwenye treni. Masikio yalikuwa yameanza kumsaliti, na hayakupona maisha yake yote. Baadaye alijifunza kazi ya telegrafu, na hapo ndipo alipoujua umeme.

Hataza yake ya kwanza, mwaka wa 1869, ilikuwa ya mashine ya kuhesabu kura za wabunge haraka. Ilifanya kazi vizuri. Lakini wanasiasa hawakuitaka, kwa sababu kura zikihesabiwa polepole wanapata muda wa kushawishiana. Edison akaapa kutounda tena kitu kisicho na mnunuzi.

Mwaka wa 1876 alifungua maabara Menlo Park, New Jersey, na mwaka uliofuata akatoa fonografu, mashine ya kunasa sauti na kuirudia. Watu walishangaa hadi wakamwita mchawi. Sifa hiyo ilimpa nguvu ambayo hata matangazo ya leo yanaionea wivu: akisema kitu, watu wanaamini kabla hawajakiona.

Septemba 1878 aliyaambia magazeti kwamba tatizo la taa ya umeme ya nyumbani amelimaliza. Hakuwa amelimaliza. Hakuwa na balbu ya kuwaka muda wa maana. Hata hivyo, hisa za kampuni za gesi zilianguka New York na London, na kufikia Oktoba matajiri walikuwa wameshaweka doo katika kampuni yake mpya. Ilichukua mwaka mzima na zaidi, na jasho la vijana wengi wa maabara, kabla uzi uliochomwa ukawa kaa kuwaka zaidi ya saa 13 mnamo Oktoba 1879. Kule Uingereza, Joseph Swan naye alikuwa ameunda taa yake. Mwishowe wawili hao waliungana kibiashara. Septemba 1882, kituo cha umeme cha Pearl Street kilianza kuwasha taa za wateja Manhattan.

Kwa hivyo ahadi ilitimia. Shida ni kwamba ikitimia mara moja, mtu hufikiri kila ahadi itatimia.

Mwaka wa 1890 akaleta mwanasesere anayeongea. Tumboni alikuwa na fonografu ndogo, na mtoto alizungusha mkono wa chuma kusikia shairi. Bei ilianza dola 10, pesa ambazo vibarua wengi wa viwandani hawakuzipata kwa wiki nzima. Nta iliyobeba sauti iliisha upesi, mashine ilikuwa dhaifu, na sauti yenyewe ilitisha watoto. Wazazi walirudisha madukani. Ndani ya wiki chache biashara ilikufa. Fikiria mzazi aliyejinyima kumnunulia bintiye kitu hicho: ndiye aliyelipia majaribio ya tajiri.

Kufikia wakati huo alikuwa pia kwenye vita vya mikondo ya umeme. Umeme wake wa mkondo mnyoofu haukuweza kusafiri mbali kwa faida, ilhali mkondo geu uliouzwa na George Westinghouse uliweza. Badala ya kukubali, alieneza hofu kwamba ule wa mwenzake ni muuaji, na maabara yake ikatumika kwa maonyesho ya kuua mbwa kwa umeme. Alishindwa. Mwaka wa 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine ikawa General Electric, na jina lake likatolewa.

Hakunyamaza. Mwaka wa 1913 alitabiri kwamba filamu zingefukuza vitabu shuleni katika miaka 10. Hesabu mwenyewe imepita miaka mingapi.

Lakini kuna sehemu moja ninayompendea. Betri yake ya magari ya umeme, aliyoisifu sana, ilipoanza kuuzwa miaka ya 1900 ilivuja na kupoteza nguvu. Alisimamisha utengenezaji, akazirudisha zenye kasoro, akarudi maabara kwa miaka kadhaa. Ilipotoka tena, karibu 1910, ilikuwa imara kweli. Magari ya petroli yalikuwa yameshaanza kuteka barabara, ila betri hiyo ilipata kazi kwenye reli na migodi kwa miongo mingi.

Edison alifariki Oktoba 18, 1931, akiwa na hataza 1,093 za Marekani. Alikuwa fundi mkubwa, na pia muuzaji wa maneno.

Juzi jamaa mmoja amenitumia tena tangazo la kifaa, miwani ya kutafsiri lugha papo hapo, na picha ya Edison juu yake. Nimemuuliza kama yeye mwenyewe ameivaa mtaani. Bado hajajibu, na pesa zangu bado ziko kwa simu.